Mjumbe wa Sebuleni

Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali wenzake humwita Mama Pasi. Kutwa hunyoosha mashuka ya wagonjwa, na akitoka miguu imevimba hadi viatu vinamkataa. Lakini kazi hasa ilikuwa ikimngoja nyumbani. Tangu uchaguzi uliopita mumewe na mwanawe walikuwa hawasemezani, na kila neno kati yao lilipitia kwake.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa kofia. Kijana, ambaye ni kinyozi, alirudi amevaa kofia ya chama asichokipenda baba yake, na mzee akaitupa chooni. Kijana akamwita baba yake mtu wa kununuliwa kwa fulana. Basi. Mtoto wa nyoka ni nyoka, hakuna aliyerudi nyuma, na mama akawa mjumbe. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Kama huwa anachoka, hawakusema.

Jioni ya mdahalo wa wagombea urais alikaa katikati ya kochi, mume kulia, mwana kushoto. Alikuwa na tumaini moja tu: kwa kuwa leo wanatazama kitu kimoja, huenda wakajisahau wakasemezana.

Kwenye televisheni wagombea wawili walikuwa wamesimama, nao hawatazamani.

"Mwambie mwenzangu ajibu swali," alisema wa tai nyekundu, akimwelekea mwongozaji.

"Mwambie huyo hajui anachosema," akajibu mwenye miwani, naye kwa mwongozaji huyo huyo.

Mwongozaji alikuwa mwanamke wa makamo, anageuza shingo huku na huko, anatabasamu kwa shida. Ya barabara na ya kodi Mama Pasi hakuyashika hata kidogo. Alimtazama yule mama tu, akamwonea huruma mpaka akajishangaa. Huyu angalau analipwa, aliwaza.

"Mama, mwambie mzee mtu wake kakwama hapo."

"Mwambie mwanao aache kelele, watu tunasikiliza."

"Mama, mwambie na yeye aache kuguna."

"Simwambii mtu!" Sauti yake ilimshtua mwenyewe. "Nimechoka. Si kazi, kazi nimeizoea. Mmenichosha nyinyi. Mwenye mdomo na aseme mwenyewe."

Akaegemeza kichwa, akafumba macho. Hasira zilimpanda, kisha zikashuka zikamwachia huzuni tupu, maana hata kufoka hakukusaidia kitu. Alisikia mdahalo ukifika mwisho, na watu wakipiga makofi.

"Ona, wanakumbatiana," kijana akasema, bila kumtaja mtu. "Wanacheka!"

Kochi likalia upande wa kulia.

"Wanacheka," mzee akasema.

Mama Pasi akabana pumzi. Tangazo la sabuni likaanza, likaisha.

"Punguza sauti," mzee akasema tena, polepole, kama mtu anayejaribu meno mapya. "Mama yako kalala."

"Sawa, baba. Nimletee kitu cha kujifunika?"

"Lete blanketi langu. Na utembee taratibu, usimwamshe."

Mama Pasi hakuwa amelala. Shingo ilimuuma jinsi alivyoegemea, na machozi yalikuwa yanamchoma chini ya kope, lakini hakuthubutu kufumbua macho, wasije wakapata tena wa kumtuma.