Kibao cha Télesphore

Kule mtaani Cimpunda kulikuwa na watu wawili ambao hakuna aliyehitaji kuwauliza wanaamini nini. Wa kwanza alikuwa katekista Honoré, aliyeamini kila kitu, hata habari za redio. Wa pili alikuwa Télesphore Mushagalusa, fundi wa saa, ambaye hakuamini kitu na wala hakuficha. Ukimwuliza kama Mungu yuko, alikujibu hapana kwa sauti ileile aliyotumia kukuambia kwamba springi ya saa yako imekatika, kisha akarudisha kioo chake jichoni na kuendelea na kazi. Hakuwa na ubishi, na hilo ndilo lililowaudhi watu zaidi.

Usidhani kuna padri aliyemkosea. Wengi wanaoacha dini wana kisa chao, tena wanakisimulia hata kama hujawauliza. Télesphore hakuwa na kisa. Alikuwa na miaka kumi na tisa, amepiga magoti kanisani Jumapili asubuhi, mara akatambua kwamba anaongea peke yake. Akangoja wiki moja, akangoja Kwaresima nzima, maana fundi mzuri hafungui saa kwa haraka. Kisha akamwendea mama yake, Adélaïde, akamweleza. Mama alikuwa anachambua maharagwe. Aliyamaliza kwanza, ndipo akasema, "Ni sawa. Mi nitaomba ya sisi wawili." Hawakulizungumza tena.

Honoré hakukata tamaa. Miaka kumi na mitano alipita kibandani kila wiki na hoja moja, ileile, kama vile ameizua jana: saa haijitengenezi yenyewe, Télesphore, saa ina fundi wake, je, dunia? Na Télesphore alimjibu kila wiki, bila hasira, kwamba saa zote zinazofika mezani kwake ni mbovu, na kwamba kama dunia ina fundi, basi amwonyeshe kibanda chake kiko wapi, maana watu wa kupeleka malalamiko ni wengi. Honoré alicheka huku amenuna, akaenda zake. Wiki iliyofuata alirudi.

Sasa sikia habari ya jina, maana bila hiyo huwezi kuelewa mambo yaliyofuata. Adélaïde alikuwa amezika watoto watatu, hakuna hata mmoja aliyefika umri wa kutembea. Wa nne alizaliwa alfajiri ya tarehe tano ya mwezi wa kwanza, rangi ya majivu, halii. Katekista wa wakati ule alikuwa anapita njiani. Akaitwa, akamwaga maji haraka haraka, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na jina tayari, akafungua kalenda yake ndogo akasoma mtakatifu wa siku hiyo. Télesphore. Hakuna aliyeweza kulitamka. Mama alilikariri juma zima kama sala, na katika juma hilo mtoto akaanza kunyonya. Kwa Adélaïde mambo yakaisha hapo: jina ndilo lililomshika mtoto, na siku likiachwa, mtoto naye ataachwa.

Télesphore hakuliamini hilo, bila shaka. Lakini mama alipofikia uzee macho yake yakafunikwa na utando mweupe, na fundi yule akachukua ubao wa mvule, akachonga herufi kubwa za kuingia ndani, TÉLESPHORE, FUNDI WA SAA, akautundika mlangoni mwa kibanda kwa kimo cha mkono wa mama. Kila asubuhi mama alikuja na fimbo yake, akapapasa jina lile herufi kwa herufi. Lilikuwa neno pekee alilowahi kusoma maishani. Akifika mwisho, aliita, "Télesphore?" Na mwanawe akajibu toka ndani, "Niko, mama." Ndipo alipoingia, akakaa kwenye kiti chake upande wa kushoto wa meza, na rozari. Jumapili fundi alimpeleka kanisani, akamwacha mlangoni, akakaa nje juu ya jiwe mpaka misa iishe. Watu waliohesabu walisema mpagani huyo anafika kanisani mara nyingi kuliko watoto wa katekista.

Nchi ilikuwa imebadili jina ikawa Zaïre. Mwaka uliofuata, sabini na mbili, ikawa zamu ya watu. Redio ilitangaza kwamba majina ya wazungu yamekwisha, kila mtu arudie ya mababu. Lo, ungeona wakristo wa Cimpunda! Watu waliobatizwa kwa nderemo na mbuzi wakapanga foleni kuyavua majina yao kama viatu vyenye matope. Honoré hakungoja hata wiki: akawa sitwayen, yaani mwananchi, Balagizi, akamwonya kila mtu asimwite vingine. Virginie, mke wa fundi, akageuka Nabintu, akasema linamkaa vizuri kuliko la kwanza. Hata padri aliambiwa kwamba akitamka jina la mtakatifu katika ubatizo atafungwa, naye akawa anameza maneno.

Akabaki mtu mmoja na kibao chake. Na mtu huyo, nakukumbusha, ndiye pekee ambaye hakuwa na mtakatifu yeyote wa kumwudhi.

Wanaume wawili wa Chama, kile kimoja cha nchi nzima, walikuja, wamevaa abakosi, lile koti lisilovaliwa na tai, wakasoma ubao, wakampa juma moja aurande. Honoré alikuja nyuma yao mbio. Alimweleza kwa upole kwamba Mungu anaangalia moyo, haangalii kibao, na kwamba kufa kwa ajili ya ubao si busara.

"Mungu yako aangalie penye anataka," Télesphore akamjibu. "Ule ubao, iko mama ndiye anauangalia, na anauangalia na vidole."

Juma likapita, ubao ukabaki, fundi akachukuliwa. Siku nne alifagia ua wa ofisi ya Chama na kuimba nyimbo za Chama asubuhi pamoja na wengine. Nyumbani waliambiana wamdanganye mama kwamba mwanawe amekwenda Minova kutengeneza saa ya mfanyabiashara mmoja. Mama alisema vizuri, na akaongeza makumi ya rozari.

Siku ya tatu mkuu wa ofisi alimwita. Alitaka kujua nani anamtuma: maaskofu? masista? Télesphore akasema hatumwi na mtu, na kwamba yeye hata Mungu haamini. Mkuu akacheka mpaka akakohoa. Miaka yote ya kazi yake, alisema, hajawahi kuona mkatoliki mwenye kichwa kigumu namna hii, anayekubali kufungwa kwa ajili ya mtakatifu wake na bado anaficha imani. Akaandika hivyo kwenye karatasi: anaficha imani. Fundi aliomba airekebishe. Mkuu akasema iliyoandikwa imeandikwa. Kisha akavua saa yake ya mkono, akauliza kwa nini inasimama kila saa nane mchana. Ulikuwa ni unywele mmoja tu, umenaswa ndani. Kesho yake Télesphore aliachiliwa kwa sharti moja: ubao ugeuzwe, herufi ziangalie ndani ya kibanda, ili barabara ione ubao mtupu. Alikubali palepale. Mama alikwisha kujua njia ya kuingia ndani, na vidole vyake havikujali ubao unaelekea wapi.

Alidhani yameisha. Masikini! Jumapili iliyofuata padri alihubiri, bila kutaja jina, kuhusu mmoja wetu aliyekiri imani mbele ya wakuu. Kanisa zima lilitoka nje kumtafuta mmoja wetu, likamkuta juu ya jiwe lake anasubiri mama yake. Wanawake wakapiga vigelegele. Wazee walimshika mikono yote miwili. Saa nzima nzima zikaanza kuletwa kibandani, hazina ubovu wowote, ili tu azifungue na kuzifunga. Shirika, yaani kile kikundi cha majirani wanaosali pamoja, likamchagua kuwa mkubwa wake, na aliyelipendekeza jina lake, tena kwa machozi, alikuwa Honoré, sasa sitwayen Balagizi.

Télesphore akaenda kwenye mkutano wa shirika kuweka mambo sawa. Alisimama, akawaambia polepole, kama anavyomweleza mtu mwenye saa isiyopona, "Bandugu, mi siamini. Nilikatala juu ya mama tu."

Kisha bibi mmoja akapangusa macho, akasema mnaona, hata sifa anaikataa. Wengine wakaitikia kwamba watakatifu wote walikuwa hivyo. Akarudia, wakazidi kumpenda. Akarudia mara ya tatu kwa ukali, wakasema kifungo kimemuumiza, tumwombee. Alirudi nyumbani amechoka kabisa. Kwa miaka miwili aliwaambia watu ukweli mtupu, na kadiri alivyowaambia ndivyo walivyozidi kumwita mnyenyekevu. Mkewe peke yake ndiye aliyecheka.

Kiangazi cha mwaka wa sabini na nne, Adélaïde alifariki. Alilala mchana baada ya kula, hakuamka. Fundi hakulia mbele ya watu. Alikwenda kibandani, akakaa kwenye kiti cha kushoto kwa muda mrefu, akarudi.

Makaburini seremala alileta msalaba umeandikwa M'CIRHUZA, binti wa Cirhuza. Lilikuwa jina lake kweli, la baba yake, na hakuna aibu ndani yake. Lakini Cimpunda nzima ilimjua kama maman Adélaïde, na wanaume wawili wa Chama walikuwa wamesimama pale kuhakikisha hakuna anayekumbuka. Padri akasali kwa ajili ya dada yetu M'Cirhuza. Honoré akaitikia kwa ajili ya dada yetu M'Cirhuza. Mama aliyesali miaka ishirini kwa watu wawili alikuwa anashushwa ardhini, na hao aliosali nao hawakuthubutu kumtaja. Télesphore hakulivumilia hilo. Akasogea ukingoni mwa kaburi na kuita, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita aliye chumba cha pili:

"Mama Adélaïde?"

"Niko."

Ilitoka kushoto. Haikutoka moyoni, wala haikuwa upepo. Fundi huyu alijua tofauti ya sauti ndogo ndogo, ndiyo kazi yake. Ilikuwa sauti ya mama, tena yenye kuudhika kidogo, kama alivyojibu akiitwa katikati ya rozari. Akageuka. Wanawake walikuwa wamefunga midomo, mbali, upande wa pili. Kushoto kwake palikuwa na udongo uliochimbwa na sepetu imelala. Alitafuta chanzo kama anavyotafuta unywele ndani ya saa, hakukiona. Na wakati anatafuta, furaha ilimjaa, furaha kubwa isiyo na adabu, pale pale kaburini, mpaka ikabidi ainame ili watu wasimwone uso.

Watu walidhani analia. Bibi mmoja akaita naye, Adélaïde! Mwingine akafuata, na mwingine, mpaka makaburi yote yakajaa jina hilo, na padri akalitamka waziwazi. Wale wawili wa Chama wakakagua viatu vyao kwa makini.

Nyumbani, watu walipokwisha kunawa na kukaa, Honoré alisimama. Safari hii hakuwa na hoja ya saa.

"Ulimuita," akasema. "Mutu haite mwenye hasikie. Sasa tuambie, mbele ya wote: unaamini?"

Wote walimtazama, na mkewe naye. Na Télesphore aliona kila kitu kitakavyokuwa. Akiwaambia aliyoyasikia, Jumapili litakuwa hubiri. Pasaka utakuwa wimbo, wenye beti saba. Watakuja kuchukua udongo wa upande wa kushoto, watauliza sauti ilikuwa ya juu au ya chini, watamfundisha maana yake, na kufikia Noeli hataikumbuka tena sauti yenyewe, atakumbuka maelezo yao. Neno moja tu mama alikuwa amemwachia. Hakuwa tayari kulipitisha mkono kwa mkono.

"Hapana," akasema. Hakusimama, hakueleza. Aliangalia chini, na sauti ilimtoka kwa shida.

Honoré alimkazia macho. Kisha mabega yakamshuka, akakaa.

"Leo naamini weye," akasema kwa huzuni.

Ulikuwa uongo wake wa kwanza kwao juu ya mambo hayo, na ndilo jibu la kwanza waliloliamini. Shirika lilichagua mkubwa mwingine. Saa nzima ziliacha kuletwa, zikabaki zile mbovu tu. Honoré hata hakupita tena na hoja yake, na fundi, ukitaka ukweli, alimkumbuka.

Jumapili Télesphore aliendelea kuja kukaa juu ya jiwe lile, ingawa hapakuwa tena na mtu ndani wa kumsubiri. Watu walimpita wakamhurumia, wakasema ni mazoea tu, masikini, hana pa kwenda. Yeye aliwasalimu. Wote wakishaingia na mlango ukifungwa, aliangalia kwanza kama hakuna mtu karibu, halafu akaita polepole, "Mama Adélaïde?" na akangoja.