Pini ya Kumi na Nne

Habari kwamba mwanangu alikuwa amenigeuza shetani niliipokea langoni mwa kanisa, siku ya Jumapili, kutoka kwa mtu ambaye hakuwa ameona chochote.

"Savea, sopa," alinisalimu kwa Kimaasai mzee mwenzangu wa kanisa, jirani yetu hapa Kitengela.

"Ipa."

"Utanisamehe, lakini ni afadhali usikie kwangu. Nasikia kijana wako amekuweka kwenye gemu ya kompyuta. Gemu ya kutisha. Wewe ndiye shetani wa hapo. Unatembea na vyuma mkononi, unaua watu, na unahesabu mpaka kumi na tatu. Kumi na tatu, Savea! Hiyo si hesabu ya Mungu."

"Umeiona gemu hiyo?"

"Mimi? Niangalie vitu kama hivyo na umri huu? Mjukuu wangu ndiye alisema wenzake wanasema."

"Basi hujui. Umeambiwa na aliyeambiwa."

"Sawa. Na wewe umeiona?"

Aliondoka akitikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kutimiza wajibu wake.

Nilikuwa mpima ardhi kwa miaka inayokaribia arobaini, sehemu kubwa ya miaka hiyo katika Kajiado hii hii. Kazi ile ilinifundisha kutoamini neno "inasemekana". Nimewahi kusimama baina ya wazee wawili, kila mmoja akiapa kwamba mpaka ulipita kwenye mgunga fulani. Tulipochimba tuliikuta bikoni, jiwe la mpaka, mbali na migunga yote. Tangu ujana wangu nilishika kanuni moja: lisilopimwa halijulikani.

Hata hivyo habari ile ilinijia wakati mbaya. Wiki moja kabla yake, binti yangu, ambaye ni karani wa benki na anapanga mitaa miwili kutoka kwetu, alikuwa ameniletea ujumbe wa kaka yake. Kijana alikuwa amepata mchumba, msichana wa Oloitokitok, na wazazi wa msichana walikuwa wamesema waziwazi kwamba hawatapokea ujumbe wa posa unaoongozwa na mjomba ilhali baba mzazi yu hai. Siku ilikuwa imepangwa, Jumamosi tatu mbele. Niende au nisiende. Nikikataa, hakuna ndoa, au itakuwapo ndoa yenye kilema tangu mwanzo. Nilimjibu binti yangu kwamba nitafikiri, na kusema kweli nilikuwa sifikiri, nilikuwa naogopa. Mwanangu anafanya kazi Nairobi, mwendo wa saa moja barabara ikiwa tupu, na kwa miaka kumi na minane hatukuwa tumezungumza zaidi ya salamu za misibani.

Sasa nilikuwa na sababu ya kutaka kujua anayeniita ananiita kwa nia gani. Nikampigia binti yangu simu.

"Ile michezo anayoitengeneza kaka yako. Unayo?"

"Niko nayo yote, Baba. Ni mitatu. Nani amekuambia?"

"Ilete Jumamosi."

Alikuja saa nane mchana na kompyuta yake, akaunganisha waya kwenye televisheni yetu ya sebuleni, kisha akaenda kufunga mapazia.

"Acha mapazia," nikasema.

"Baba, hii inachezwa gizani. Ndio uogope."

"Kitu kisichoweza kutazamwa mchana nina shaka nacho."

Mama yao alikuwa mezani akichambua sukumawiki. "Muache," alimwambia binti yake. "Huyo hata harusi yetu aliikagua kwanza."

Binti yangu alinieleza taratibu za mchezo, nami niliandika. Mchezaji yumo ndani ya jengo kubwa lililoachwa. Hana bunduki wala panga. Ana tochi tu, na kazi yake ni kunusurika mpaka atoke. Humo jengoni mna viumbe wanaomsaka. Tena, akasema, watengenezaji huficha vitu vidogo vidogo vya siri ambavyo havihusiki na safari yenyewe, na wachezaji wa dunia nzima hushindana kuvifichua na kubishana maana yake.

"Wanabishana kwa ushahidi gani?"

"Kwa kusema tu, Baba. Ni mtandao."

Tulianza na mchezo wa kwanza. Katika jiko la jengo lile, juu ya rafu ambayo mtu asiyetafuta hawezi kuiona, ilikuwako chupa ya chai yenye ua jekundu, mdomo wake umebonyea upande mmoja. Mke wangu aliacha sukumawiki akasogea. "Hiyo ni yangu," alisema. "Hapo ilipobonyea niliiangusha mimi." Katika mchezo wa pili, nyuma ya ukuta unaoweza kusukumwa, tulilikuta geti letu la buluu, na juu yake kipande cha bati nilichokichomelea mwenyewe kuzuia paka. Binti yangu alicheka kwa furaha. Mimi sikucheka. Mtu anayechukua vitu vya nyumba ya watu mmoja mmoja bila kuomba, nilijiambia, hukusanya kwa ajili ya jambo fulani. Na mchezo wa tatu ulikuwa haujafunguliwa.

Katika huo wa tatu, nilimsikia kabla ya kumwona. Ilikuwa sauti ya vyuma vyembamba vikigongana ndani ya kiganja. Niliijua papo hapo, na mgongo wangu ukanyooka wenyewe.

"Ndiye huyo," binti yangu alinong'ona. "Wanamwita Mzee wa Pini. Ukisikia hiyo kelele, unakimbia."

Akatokea mwisho wa ukumbi mrefu: mzee mwenye kofia ya turubai, uso hauonekani, goti la kulia halikunjiki vizuri. Hilo goti ninalo. Alichomeka pini ya chuma sakafuni, akatembea hatua zilizo sawa, akachomeka nyingine. Zilipofika kumi na tatu aligeuka, akapiga ukelele uliomfanya mke wangu amwage sukumawiki sakafuni, na skrini ikawa nyeusi.

"Ametuua," binti yangu alisema.

Mzee wa kanisa, basi, alikuwa amesema kweli. Naandika hilo bila kupenda: uvumi ulikuwa sahihi, na shetani yule alikuwa mimi.

Lazima nieleze pini zile. Mashine za kisasa zilikuwa zimekwisha kuingia, lakini mimi niliendelea kuamini utepe wa chuma wa mita hamsini. Watu wawili huunyosha. Wa mbele huchomeka pini kila utepe unapoishia. Wa nyuma humfuata na kuziokota. Mwisho wa mstari, idadi ya pini mkononi mwa wa nyuma ndiyo idadi ya tepe. Mwanangu alipomaliza shule ya upili na kungoja chuo kikuu, nilimchukua awe mtu wa nyuma. Tulikwenda Oltepesi kugawa shamba la ndugu wawili katikati. Nilitembea mbele, nikapiga alama moja ya penseli katika kijitabu cha mfukoni kwa kila pini; jioni nikanakili hesabu kwa wino katika daftari kubwa, kama desturi yangu. Miezi michache baadaye mpimaji mwingine alipima upya, akakuta mstari ule una urefu wa utepe mmoja zaidi ya nilioandika. Bikoni ya kati ilikuwa imewekwa pasipo pake na ndugu mdogo alikuwa amepunjwa. Ilisogezwa, lakini doa kwenye jina langu halikusogezwa nayo.

Mbele ya ndugu wale wawili nilimwuliza mwanangu aliokota pini ngapi. "Kumi na nne, Baba. Nilikupa kumi na nne mkononi." Nikafungua daftari kubwa. Palikuwa na kumi na tatu, kwa wino. Nikawaambia wale ndugu kwamba kosa ni la kijana asiyejua kuhesabu, aliyeangusha pini majanini akaona haya kusema. Hakubishana. Alishuka Nairobi wiki ile ile.

Haya yote yalinipitia nikiwa nimeketi mbele ya skrini nyeusi.

"Baba, nizime?" binti yangu aliuliza.

"Anza tena. Kwanza mrudishe mchezaji wako uani, pale anapoanzia, nione jengo kwa nje."

Alifanya hivyo. Nilihesabu madirisha ya ukumbi ule kwa kidole, mara mbili. Yalikuwa kumi na manne. Tukarudi ndani, yalikuwa kumi na matatu, kisha ukuta mtupu. Jengo halidanganyi hivyo kwa bahati mbaya.

"Hapo nyuma ya ukuta pana chumba," nikasema.

"Watu wamejaribu huo ukuta wote, Baba. Wamegonga, wamechoma, wamesimama hapo mpaka wakauawa. Wanasema kumi na tatu ni mambo ya uchawi."

"Kila aliyejaribu alikuwa akimkimbia huyu mzee?"

"Sasa utafanya nini, umsalimie?"

"Mfuate."

Aligeuka kunitazama. "Ati?"

"Yeye ni mtu wa mbele. Hana mtu wa nyuma. Akishachomeka na kuondoka, iokote. Usimkaribie zaidi ya urefu wa hatua zake, wala usibaki nyuma zaidi. Mfuate tu, ukiokota."

"Mama, Baba anataka nife," alisema, lakini vidole vyake vilikuwa vimeanza.

Aliiokota pini ya kwanza. Mzee hakugeuka. Ya pili. Ya tano. Sebuleni hapakusikika kitu ila vyuma. Kila alipookota moja, mlio kutoka mkononi mwa mzee ulipungua, na mlio kutoka mkononi mwetu ukaongezeka. Kwenye ya kumi na tatu mzee alisimama mbele ya ukuta. Mabega yake hayakugeuka. Ukuta ukafunguka kama mlango wa stoo.

Ndani hamkuwa na damu wala mifupa. Mlikuwa na meza ya kukunja, taa, na kijitabu kidogo chenye jalada la kijani kilichofunguliwa. Ukurasa wake ulikuwa na alama za penseli: mafungu mawili ya tano, na alama nne pembeni. Kando yake ilikuwako pini moja. Binti yangu aliichukua, na bila mimi kumwelekeza akarudi akamkabidhi mzee zote. Mzee akazihesabu moja moja. Kisha akavua kofia, akaketi kwenye kiti cha kukunja, na hakuamka tena hata tochi ilipommulika usoni. Uso aliokuwa amepewa haukuwa wa kutisha. Ulikuwa wa mtu aliyechoka.

"Baba," binti yangu alisema, "hii nafikiri hakuna mtu amewahi kuiona."

"Hilo hulijui," nilimwambia. "Zima."

Shaka ilikuwa bado ninayo, nayo nilistahili kuipima. Alama zilizochorwa na mtu aliyeshitakiwa si ushahidi. Kijana angeweza kujichorea apendavyo. Niliingia chumbani nikalivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Daftari kubwa lilikuwa juu. Sikulifungua, lile nililijua kwa moyo. Nilichimba mpaka chini, vilipofungwa kwa mpira vijitabu vya mfukoni. Mpira ulikatika nilipougusa, kwa kuwa kwa miaka kumi na minane hakuna aliyeufungua. Nilikuwa nimewapima wazee, mawe na migunga ya watu, na kijitabu hiki kimoja sikukipima, kwa sababu shahidi wake nilikuwa mimi.

Oltepesi. Mafungu mawili ya tano, na alama nne pembeni. Mwandiko wangu. Nilipitisha kidole mara tatu nikitafuta namna ya kuzifanya ziwe tatu.

Nilirudi sebuleni nikamwambia binti yangu ampigie kaka yake simu. Mwanangu alipokea akidhani ni dada yake.

"Sema, siste."

"Ni mimi."

Sauti yake ikawa ya uangalifu: "Shikamoo, Baba. Mama yuko salama?"

"Marahaba. Yuko salama. Zilikuwa kumi na nne."

Nilisikia kiti kikisogezwa upande wa pili. "Nani amekuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nilimfuata yule mzee mpaka ukutani. Kisha nikafungua kijitabu."

"Kijitabu cha penseli?"

"Hicho. Nilikosea kunakili, nikakutia wewe hatiani mbele ya watu. Ndugu wale wa Oltepesi nitakwenda kuwaambia kwa mdomo wangu."

"Baba, ile gemu imetoka miaka miwili sasa. Nilikuwa nimeshakata tamaa."

"Ungeweza kupiga simu."

"Ungeniamini?"

Nilitaka kusema ndiyo. Mke wangu alikuwa ananitazama, na binti yangu pia, na mimi sijazoea kutoa ushahidi nisioweza kuuthibitisha.

"La," nikasema. "Nisingekuamini."

Alicheka, kicheko kifupi. Nilimwuliza safari ya Oloitokitok inaanza saa ngapi.

"Saa kumi na moja asubuhi, Baba. Mtakuwa wazee wanane."

"Umewahesabu?"

"Baba!"

"Nauliza tu," nikasema. "Wanane. Naandika." Na nikaandika, kwa penseli.