Pandisha Kitambaa

Binti yake alipompigia simu kumwambia kwamba amemwona baba ukutani, Bi Kimya alijibu, tena jibu refu lenye maswali ndani yake. Shida ni kwamba alijibu kwa midomo tu, bila sauti.

"Haloo? Mama? Mtandao umekata?"

Haukukata kitu. Ndivyo alivyo huyu mama wa watu. Yeye na marehemu mumewe walikuwa wafumaji katika kiwanda cha nguo, na mle ndani, wee, mashine zilipiga kelele hata ukimpigia mtu ukelele sikioni hasikii. Wafumaji wakajifunza kuongea kwa midomo. Neno unalitanua mdomoni taratibu, kama mtu anayemlisha mtoto uji, na mwenzako upande wa pili analisoma. Bi Kimya alitongozwa hivyo hivyo, ukumbi mzima ukiwa umejaa watu, na hakuna msimamizi aliyeambulia kitu. Walipooana wakaihamishia lugha yao nyumbani. Sauti ikabaki ya wageni na ya kufokea watoto. Majirani wakavumisha kwamba wale wawili wamenuniana, kumbe wenzao wanawasengenya majirani haohao mchana kweupe, tena wakiwa wamekaa nao benchi moja.

Kisha kiwanda kikafungwa, mji ukafa, watu wakatawanyika kila mmoja na njia yake. Baadaye mume naye akaondoka, kifua kilimchukua. Tangu hapo Bi Kimya anaishi peke yake katika chumba cha kupanga, mji mwingine kabisa, na hakuna kiumbe hapo anayejua kumsoma. Akijisahau kwa mwenye duka, mwenye duka anamwinamia, "Eti nini, mama?" Kwa fundi cherehani, eti nini. Kwa mpangaji mwenzake, eti nini. Amechoka kuulizwa eti nini.

Lakini hilo halikumuuma kama hili: alikuwa ameanza kuusahau mdomo wa mumewe. Picha aliyobaki nayo ni ile ya kitambulisho cha kazi, na humo mume amefunga mdomo kisawasawa kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano. Macho anayakumbuka, pua anaikumbuka. Namna ule mdomo ulivyosogea ukimwambia neno, hiyo imemtoka. Hufumba macho akiutafuta, na hauji.

"Baba anaongea, mama," binti akaendelea upande wa pili. "Ni filamu ya zamani, wanaionyesha pale kiwandani. Haina sauti. Na mji wameugeuza, huwezi kuamini, watu wanatoka mbali kuja kuutazama. Nikipata likizo mwezi ujao nitakupeleka."

Mwezi ujao! Asubuhi iliyofuata Bi Kimya alikuwa ndani ya basi.

Sasa mji wenyewe. Yeye aliuacha mabati yamekula kutu na mbuzi wamelala getini, anarudi anaukuta umepakwa rangi na umefungua mgahawa. Chumba cha boila kimekuwa ukumbi wa muziki na maigizo. Ghala la pamba limejaa picha za kuchora, na bafu la wanaume, msinicheke, ni duka la vitabu. Palikuwa na watalii wakiupiga picha kwa heshima zote ukuta ambao wafanyakazi walikuwa wakijisaidia nyuma yake. Na pale getini, walipokuwa wakipekuliwa wakati wa kutoka kana kwamba wote ni wezi wa nyuzi, leo ameketi msichana mwenye tabasamu, anakata tiketi.

"Karibu sana, bibi. Ni mara yako ya kwanza kufika hapa?"

Bi Kimya akamjibu. Msichana akasubiri, tabasamu likiwa palepale.

"Samahani, bibi, sijakusikia."

"Si mara ya kwanza," akasema kwa sauti, na sauti yake mwenyewe ikamshtua.

Ukumbi wa kufumia ulikuwa umenyamaza, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Mashine zimeondolewa, imebaki moja, imezungushiwa kamba, inang'aa na haina hata uzi. Watu walipita taratibu wakinong'ona kama wako msibani. Lakini sakafu ni ileile, na matundu ya bolti bado yamo. Bi Kimya akayafuata mpaka pale iliposimama mashine yake. Akainua macho akautazama ukuta wa mbele, upande aliokuwa akifumia mume.

Filamu ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Siku ile aliikumbuka: mpiga picha aliletwa na wakubwa, akasimama karibu naye kabisa, bega kwa bega, akaelekeza kamera yake upande wa pili. Ukutani wakatokea wafumaji, mstari mzima, na kila mmoja amejifunga kitambaa puani na mdomoni kwa ajili ya vumbi la pamba.

Kitambaa! Jamani, alikisahauje? Amepanda basi safari yote hiyo kuja kuona kitambaa? Mumewe yule pale, kijana, mabega yake yaleyale, na chini ya macho hakuna kitu ila tambara. Bi Kimya alitaka kulia.

Ndipo mume akainua uso. Akaingiza kidole, akakivuta kitambaa mpaka kidevuni, akasema.

Ndio huo mdomo. Ulianzia kona ya kushoto, kana kwamba neno linachungulia kwanza nje kabla ya kutoka. Alikuwa anamwambia yeye, pale pale aliposimama: "Mwangalie mpiga picha. Zipu yake iko wazi."

Bi Kimya akaangua kicheko, kicheko cha sauti, ukumbi mzima ukageuka. Mama mmoja aliyevaa miwani akamsogelea.

"Bibi, unamfahamu huyo?"

Akamweleza yote, ya zipu na mengineyo. Yule mama akatazama midomo isiyo na sauti, akatabasamu kwa adabu, akaenda zake kwenye picha nyingine.

Nyuma yake kiongozi wa wageni alikuwa akieleza kundi lake, "Zamani hawakujali afya. Mwoneni huyu ameshusha kitambaa."

Moyo ukamuuma Bi Kimya. Hakujali nini? Alikishusha kwa ajili yake. Kila neno alilompa alilimezea vumbi, na yeye alimgombeza kutwa, "Pandisha kitambaa, utaimaliza pamba ya kampuni," kisha hata kabla hajamaliza kumgombeza anamuuliza lingine. Alipenda mno kuongea naye.

Filamu ikaanza upya. Mume akashusha kitambaa, akasema ya zipu, kisha akatulia akimtazama. Bi Kimya akatambua ule utulivu. Hapo ndipo yeye alipomjibu siku ile, kando ya mpiga picha. Basi akamjibu, midomo yake ikatanua kila neno: "Pandisha kitambaa, baba watoto." Mume akatikisa kichwa, akacheka, akapandisha.

Ehee! Wamezungumza. Tangu wamzike, ndiyo mara ya kwanza mtu kumsikia bila kumuuliza eti nini. Alisimama pale kajaa furaha, kizee cha watu, mkoba umemning'inia kwapani.

Ndipo wazo likamjia. Mume huyu hakuwahi kuishiwa maneno, daima alikuwa na la kuongezea. Kama yeye asingemkataza siku ile, angeendelea. Asipomkataza sasa, ataendelea.

Filamu ikaanza tena. Bi Kimya akafunga mdomo kisawasawa, kama yule wa kwenye kitambulisho. Mume akashusha kitambaa. Akasema ya zipu. Akatulia, akamtazama, akasubiri. Bi Kimya hakusema kitu.

Mume akatikisa kichwa, akacheka, akapandisha kitambaa.