Tayari, Bado Mikono

Jumanne, tarehe kumi na nne Mei. Manyunyu tangu alfajiri, jua likichungulia na kujificha kama mtoto aliyevunja sahani.

Mama Diski, kama walivyomwita kazini, alitoka nyumbani mapema, kanuna. Ndiye aliyeandika ile sehemu ya mfumo wa kompyuta inayopokea maombi ya kuhifadhi na kuyafikisha kwenye diski. Sasa mpiga picha mmoja alikuwa analalamika: umeme ukikatika, picha zake zinabaki nusu. Maharusi vichwa wanavyo, miguu hawana. Mkubwa wa kazini alikwisha kutamka: kosa lisipopatikana leo, kazi ya Mama Diski inang'olewa, ya zamani inarudishwa.

Akajibanza kibandani kwa mumewe, fundi cherehani, manyunyu yapungue. Mteja akaingia.

"Fundi, koti langu?"

"Tayari, kaka! Tayari kabisa."

"Lete basi."

"Bado mikono tu."

"Sasa hiyo tayari gani? Nilivae kama foronya?"

"Kiwiliwili kimekwisha, kaka. Mikono ni wadogo zake, inafuata nyuma."

Mama Diski alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akaukumbuka mfumo wake.

Ombi likiwa kubwa, mfumo wake hulikata vipande viwili. Cha kwanza kikifika kwenye diski, hujibu "tayari" kwa niaba ya mwenzake aliye njiani. Programu ya picha, kwa kuamini, inafuta nakala iliyo kwenye kamera. Umeme ukikatika hapo, miguu kwaheri.

"Mume wangu, kumbe tabia yako nimeiandika ndani ya kompyuta!"

"Basi hiyo kompyuta ina bahati."

"Sogeza vitambaa vyako huko."

Akaifungua kompyuta yake ya mkobani juu ya meza ya kukatia, akaiunganisha na kamera na diski ya majaribio. Akarekebisha: ombi lisijibiwe "tayari" hadi vipande vyake vyote vifike; kimoja kikichelewa, jibu ni "bado." Mumewe akapewa kazi ya kuchomoa waya wa umeme wa diski bila kuaga, kazi aliyoifurahia kupita kiasi. Kila alipochomoa, nakala ilikutwa kwenye kamera, picha ikahifadhiwa upya, nzima, na viatu vyake.

Mkubwa akapiga simu. "Vipi, tayari?"

"Tayari," alijibu, akimkazia mumewe macho. "Na mikono yake."

Mkubwa hakuelewa mikono ipi. Akajaribu mwenyewe, akaridhika. Kazi ya Mama Diski ikabaki mahali pake.

Asubuhi iliyofuata alimtangulia mumewe kibandani, akachukua chaki yake, akaandika BADO kifuani mwa lile koti, akalitundika mlangoni, kisha akaenda kazini.