Machungwa ya Kulwa na Doto

Harufu ya mavi ya popo si jambo la kumsimulia mtu mezani, mniwie radhi. Lakini kila ninapoinusa nakumbuka kile kilima cha Ukerewe chenye mapango na magofu ya boma la Wajerumani, ambako wazazi wangu walinipeleka kutembea nilipokuwa darasa la tatu.

Jina langu ni Shija, na kwa Wasukuma Shija ni mtoto anayefuata mapacha. Kaka zangu mapacha, Kulwa na Doto kama mapacha wote wa kwetu wanavyoitwa, walifariki wachanga kabla sijazaliwa, na nyumbani kwetu Nyakato, Mwanza, hawakutajwa. Majirani walimwita mama "Mama Shija", basi. Baba alikuwa na msemo wake: kidonda hakichokonolewi.

Tulipotoka pangoni nilikimbilia kuukwea ukuta wa boma. Mama akapaza sauti, "Shija! Shuka, utavunjika mguu!"

Mwanamke aliyekuwa akiuza machungwa pale chini akacheka kwa furaha. "Kumbe ni wa kwetu! Karibu, Mama Kulwa. Kulwa na Doto hawajambo?"

Baba aligeuka akatazama ziwa. Mimi nilifungua mdomo nimsahihishe yule mwanamke, maana mama alikuwa akinichapa hata kwa kukana kwamba nimelamba sukari. Mama akaniwahi.

"Hawajambo. Tumewaacha nyumbani."

"Basi wapelekee wanangu haya." Akachagua machungwa mawili, akayapima viganjani mpaka yakalingana, kwa kuwa mapacha hawapewi kwa upendeleo. Mama aliyapokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo.

Nilikasirika sana. Mpaka tunafika Nansio kupanda meli sikumsemesha. Safari nzima aliyapakata yale machungwa, na tulipokaribia Mwanza akamwambia baba, "Doto alikuwa na vidole virefu kama vyako."

"Na Kulwa alikuwa akilala amekunja ngumi," baba akasema, akajifuta macho.

Miaka mingi niliamini kwamba siku ile mama yangu alidanganya. Sasa mimi mwenyewe nimemzika mtoto. Watu ni wema. Wakinitembelea wanazungumza habari za mvua na bei ya samaki, jina lake wanalikwepa. Na mara nyingine, Mungu anisamehe, natamani nikutane na mtu asiyejua lolote, aniulize kama mwanangu hajambo.