Shangazi Alisahau Sarafu

Shangazi yangu alikuwa akibadilisha fedha kwenye daraja la mpakani tangu kabla sijazaliwa. Alikaa kwenye kigoda, mwavuli juu, mkoba kwapani, na ndani ya mkoba noti za nchi tatu. Kila nchi ilikuwa na fedha yake na ilidharau ya mwenzake, kwa hiyo msafiri aliyevuka bila kupita kwake hakuweza kununua hata kikombe cha chai. Watu walimwita Mama Noti, maana alikuwa akiipapasa noti kwa kidole gumba tu anajua kama ni halali. Sarafu hakuzigusa. Hakuna mbadilisha fedha anayezigusa: zina uzito, thamani yake ndogo, na ukishazivusha daraja hazina mwenyewe. "Hizo ni za kuwatuliza watoto," alikuwa akisema.

Kisha serikali zikakubaliana. Nchi zote tatu zingeacha fedha zao na kutumia moja, inayotolewa na benki kuu moja. Nilidhani shangazi atalia, kwa kuwa riziki yake ndiyo iliyokuwa ikifutwa. Wapi! Akajifanya mwalimu. Mtaani kwetu watu walimwamini kwa mambo ya pesa kuliko redio, na yeye sifa hazikuwa zikimkera. Siku moja akapanda juu ya kreti la soda mbele ya stendi, akaanza.

"Sikilizeni, jamani. Pesa yenu haipotei, inabadilika sura na jina. Kiwango cha kubadilisha kimeshapangwa, hakipandi wala hakishuki, kwa hiyo asije mjanja akawaambia leo ni kingine. Kwa muda zitatumika zote mbili, ya zamani na mpya, na dukani bei itaandikwa mara mbili. Baadaye dukani watakataa ya zamani, lakini benki watawabadilishia bure mpaka mwisho wa mwaka. Msikanyagane. Muda upo."

Muuza magazeti akauliza kama mshahara wa mwanawe utapungua.

"Tarakimu zitapungua, na bei nazo zitapungua. Mchele ukipimwa kwa kopo kubwa badala ya dogo, makopo yanakuwa machache, mchele ni ule ule."

Wakampigia makofi. Na yote aliyosema yalikuwa kweli, kwa noti. Sarafu zilikuwa na mwisho wake, miezi kadhaa kabla ya noti. Tangazo la benki lilisema hivyo waziwazi, na shangazi alilisoma kwa miwani yake mwenyewe. Lakini jicho liliuruka mstari huo. Kwake yeye sarafu hazikuwa fedha, na kitu ambacho si fedha utakikumbukaje?

Pale stendi kulikuwa na mama aliyetunza vyoo vya kulipia, tukimwita Bi Mlangoni. Kila aliyeingia alimwachia sarafu. Haba na haba hujaza kibaba, naye alikuwa amejaza ndoo tupu za rangi, chini ya kitanda, akitafuta pesa ya friji ya kuuzia maji baridi. Mgongo ulikuwa umechoka kusugua vyoo vya watu. Aliposikia muda upo, akangoja foleni za benki zipungue. Zilipopungua akakodi mkokoteni, akaenda, akarudishwa na ndoo zake. Akaja moja kwa moja kwetu.

"Dada, wamenikatalia," alisema, akakaa sakafuni hata kabla ya kukaribishwa. "Wanasema sarafu zimepitwa. Si ulisema mwisho wa mwaka?"

Shangazi alikuwa akikunja nguo. Nikaona uso wake ukimshuka. Angesema palepale, "Nilikosea, ndugu yangu," mambo yangeishia hapo, machungu lakini yameisha. Aibu ikamziba mdomo.

"Hao wa dirishani hawajui kitu," akasema. "Kuna benki ng'ambo ya daraja bado wanapokea. Niachie mimi."

Hakukuwa na benki yoyote. Alitoa mtaji wake, ule aliouweka wa kuanzia duka la vitambaa, akampelekea Bi Mlangoni fedha mpya kamili. Nilimgombeza mpaka nikachoka. Akanijibu, "Nitamtazamaje, mwanangu?" Ndoo za sarafu zikabaki chumbani kwa shangazi, na kila alipofagia ilibidi azisukume.

Friji ikanunuliwa. Bi Mlangoni akamsifu shangazi kila kona, na mdomo ukaponza kichwa, ila kichwa chenyewe kilikuwa cha shangazi. Asubuhi moja nilifungua mlango nikakuta watu wamejipanga hadi barabarani: muuza magazeti na kopo lake, fundi viatu na soksi iliyofungwa fundo, mama wa karanga, wengine siwajui. Mbele yao Bi Mlangoni, anatabasamu kama mwenye harusi.

"Dada, nimekuletea wenzangu. Nao walikusikia siku ile."

Shangazi akatoka na kanga ya nyumbani. Alishika mwimo wa mlango.

"Hakuna benki ng'ambo," akasema. "Sarafu nilizisahau. Niliwaambia vibaya, na muda umepita. Hakuna wa kuzipokea."

Muuza magazeti alimwangalia Bi Mlangoni, kisha shangazi.

"Na yeye zake zilipokelewa wapi?"

"Nilimlipa kwa pesa yangu."

"Kwa nini yeye, na sisi hapana?"

"Kwa sababu yeye ndiye aliyekuja kulia mbele yangu."

Wakaondoka mmoja mmoja. Fundi viatu aliiacha soksi yake kizingitini, hakuona haja ya kuibeba tena.

Siku hizi shangazi hupitia stendi akienda kuuza vitambaa vya kukopa. Bi Mlangoni humwita kutoka kwenye kibanda chake, humpa chupa ya maji baridi, na shangazi akitoa pesa huusukuma mkono wake. "Wewe, dada? Kwangu hulipi maisha." Husema hivyo kwa mapenzi, kwa sauti, huku muuza magazeti akisikia kwenye meza ya pili. Shangazi hushukuru, huja nayo nyumbani, huiweka mezani. Mimi humwambia anywe tu, maji hayana kosa. Hajawahi kufungua hata moja.