Kioo Kisichojua Asante

Usiku ule Germaine aliukesha juu ya benchi, macho kwenye mlango wa chumba cha upasuaji. Alikuwa akingoja kuambiwa kama Guelor, mwanawe wa kwanza, atabaki na mguu wake wa kulia. Jioni, lori la mawe ya shaba lilikuwa limemgonga akiwa juu ya pikipiki yake ya teksi kwenye barabara ya Kasungami. Dokta Donat, mpasuaji, hakuzungusha maneno. Alisema watajaribu kuunga mfupa kwa chuma, na wakishindwa watakata. Tangu hapo Germaine hakulia wala hakuomba. Alitazama tu mwanga chini ya mlango na vivuli vya viatu vikipita, kama mtu aliyeachiwa chungu cha jirani alinde kisiungue.

Jirani mwenyewe alikuwa pembeni yake. Mama Précieux, mwuza samaki wakavu wa mtaa wao uitwao Kenya, hakuwa mtu wa kukaa kimya hata kanisani.

Kulipokucha mlango ulifunguka kidogo, akatoka nesi Kiki, macho mekundu. Aliwaletea chai. Germaine, kabla ya kupokea kikombe, alikunja viganja vyake na kuvigonganisha taratibu, pa, pa, kushukuru kama alivyofundishwa kwao Pweto tangu hajajua kusema. Hakufikiri. Mwili ulifanya wenyewe.

Kiki akabaki ameshika kikombe hewani. "Mama, weye ni wa Pweto?"

"Ee, mama. Juu ya nini?"

"Docteur naye ni wa kule. Anapigaka vile vile. Makofi ile njo inatusumbua tangu usiku."

Akaeleza. Ndani mlikuwa na kioo kipya, kikubwa kama televisheni ya baa, kilichoonyesha picha za mfupa wa Guelor. Daktari mwenye damu kwenye glavu hatakiwi kukigusa. Hupunga mkono mbele yake, picha zikasogea. Hukunja ngumi, picha ikasimama. Huviweka viganja pamoja, picha ikafungwa. Na Dokta Donat, kila nesi alipotaka kumpa chombo, hukunja viganja akapiga asante kwanza, ndipo akanyoosha mkono. Kioo kikaona viganja vimekutana, kikafunga picha. Picha ikaanza kutafutwa upya, na damu haingoji.

"Si aache kupiga," alisema Mama Précieux.

"Anaacha. Kisha akili inarudia ku kidonda, mikono inasahau." Kiki alishusha sauti. "Anasema kama picha inapotea tena, atakata. Hawezi kuweka chuma bila kuona."

Germaine alisikia neno hilo kama linasemwa nyumba ya pili. Kikombe alichokwisha kupokea kilikuwa kinamchoma vidole, naye hakukiweka chini.

Muda si mrefu alifika Aristote, fundi aliyekisimika kioo kile, kompyuta kwapani, shati limevaliwa ndani nje. Kiki alimwambia neno sikioni huku akimwonyesha benchi. Aristote akaja, akachuchumaa mbele ya Germaine.

"Mama, minaomba mikono yako."

"Mikono yangu ya nini, papa?"

"Niifundishe mashini. Wakati wa kuipima nilitumiaka mikono ya vijana ba mu ville, ba katikati ya muji. Bale habapigaka asante. Na mimi makofi yangu ni ya mupira." Akapiga mara moja, viganja bapa, vidole vimesimama. "Unaona? Haifanane na ya docteur."

"Ile alama ya kufunga picha haiwezi kuondolewa?" aliuliza Kiki.

"Nikiondoa, hataweza kufunga picha afungue ingine, atabaki na moja tu. Lazima ijue tofauti."

Mama Précieux akatikisa kichwa. "Mashini yenye haijue merci, haijue asante. Hakika banaitengenezaka kwa bantu benye habana adabu."

"Benye haraka, mama," alisema Aristote. "Benye haraka."

Alimpeleka Germaine katika chumba kidogo cha madaktari, palipokuwa na kioo cha pili, pacha wa kile cha ndani. Kimoja kikijifunza kitu, cha pili nacho hukijua. Alimsimamisha kwenye utepe uliobandikwa sakafuni, akafunga pazia ili jua lisiingie, akasogeza kijicho cha kamera kidogo chini, usawa wa kifua chake. Kwenye kioo ukatokea mfupa mweupe.

"Ni wake?"

"Hapana, mama. Ni wa mugonjwa wa zamani."

Hakumwamini, lakini hakubisha.

"Sasa piga. Kama vile unapigaka ku nyumba, ukipewa kintu."

Alipiga. Pa, pa. Mfupa ukazimika. Aristote akabonyeza vitufe, mfupa ukarudi. Akapiga tena, ukazimika. Alimwambia apige akiwa amepinda kidogo, kama mbele ya baba mkwe. Alimwambia apige akiangalia pembeni. Kisha aviweke viganja pamoja na kuvibana bila kupiga, ili mashine ijue kule kufunga kwa kweli kulivyo.

Germaine alitii. Maisha yake yote hakuwahi kupiga makofi yale bila kuwa amepewa kitu: unga, mtoto mchanga, pole ya msiba. Sasa alikuwa akishukuru ukuta. Alijaribu kumfikiria Guelor, akaona utepe tu na ncha za ndala zake.

"Tena, mama."

Pa, pa. Mfupa ukabaki.

"Tena."

Ukabaki. Aristote akapumua kwa nguvu, akapangusa shingo. "Imeelewa." Germaine alitazama mfupa ule uliobaki, na moyoni hapakuwa na kitu, si furaha wala hofu. Alirudi kwenye benchi, viganja vikiwasha.

Kiki aliingia ndani na kufunga mlango. Germaine akategea sikio. Baadaye, nyuma ya mlango, akasikia makofi madogo, mazito, ya mikono yenye glavu. Hakuna aliyelalamika. Kisha makofi tena.

"Unasikia?" alinong'ona Mama Précieux. "Anaendelea kuomba byombo. Hajasema kukata."

Germaine aliitikia kwa kichwa. Akawa anangoja kila kofi kama mtu anavyongoja pumzi ya mgonjwa. Makofi yakaja, yakaja, halafu hayakuja tena. Jua lilifika miguuni pao, likapanda magotini. Watu walipita na mabakuli ya chakula. Mama Précieux alimshika mkono.

Mlango ukafunguka. Dokta Donat alisimama kizingitini, barakoa imeshuka kidevuni. Nyuma yake kioo kilikuwa bado kinawaka, na katikati ya mfupa ulionekana mstari wa chuma, umenyooka.

"Mama Guelor," alisema. "Muguu iko. Analala."

Kila mtu wa Pweto angejua la kufanya. Mama Précieux, asiye wa Pweto, alipiga makofi kwa niaba yake, ovyo, kama ya mpira. Germaine alisimama, akaitazama mikono yake, akaingoja ipige yenyewe. Daktari naye akaingoja, akishikilia mlango usijifunge.